Akili ikiyumba, kikombe kaa mbali: hotuba kuhusu kiharusi cha joto na mitishamba

Hii ni hotuba yote kama nilivyoiongea, nimeiandika kwa ajili ya wale ambao hamkuweza kufika. Picha za ukutani nimeziacha, hamjakosa kitu. Maswali ya mwisho nimeyaweka machache tu, yale mengine yalikuwa ya watu kutaka dawa ya presha.

Shikamooni wazee wangu, vijana hamjambo, kina mama poleni na joto. Naona feni zote zimeelekezwa huku meza kuu, jamani geuzeni moja iende kule nyuma kwa wazee, mimi nimezoea kutoka jasho. Ahsante.

Nimeombwa niongee kuhusu kiharusi cha joto na dawa za mitishamba. Mimi ni muuguzi, lakini nimelelewa kwenye nyumba ya mitishamba, bibi yangu alikuwa hapiti kwenye jani bila kulitaja jina na kazi yake. Kwa hiyo msitegemee nisimame hapa niwatukane watu wa mitishamba. Na msitegemee niwadanganye pia. Leo nina neno moja tu na nitalirudia mpaka mchoke: mitishamba ina saa yake. Kuna saa kikombe cha nanaa kinamsaidia mtu aliyechoka na jua, na kuna saa kikombe hicho hicho, nanaa hiyo hiyo, mkono huo huo wenye huruma, kinamuua. Na kinachotenganisha hizo saa mbili sio thamometa wala rangi ya ngozi, ni akili ya mgonjwa.

Akili ya mgonjwa. Shikeni hapo, tutarudi hapo mara nyingi.

Nianze na kumtambua. Nikiuliza hapa, mtu aliyepigwa na joto mnamjuaje? Nyoosheni mikono. (Wengi walisema: ngozi kavu, ya moto, hana jasho.) Haya, ndivyo tulivyofundishwa wote na sio uongo, ila ni nusu ya habari. Ngozi kavu mnaikuta zaidi kwa mzee au mgonjwa ambaye joto limemla taratibu siku mbili tatu ndani ya chumba. Kijana anayebeba mizigo, mwanajeshi, mkimbiaji, yule joto linatengenezwa na misuli yake mwenyewe, anaweza kuanguka akiwa bado analowa jasho chapachapa. Sasa wewe uko pembeni unasema "huyu bado anatoka jasho, hajafika huko". Kafika. Kafika muda mrefu.

Kuna kijana mmoja nilimpokea, simtaji jina wala alipokuwa akifanya kazi. Kazi ya ujenzi, siku zake za mwanzo mwanzo, kubeba mifuko ya simenti kupandisha juu. Wenzake walinisimulia vizuri sana, maana kila mmoja aliona kitu na hakuna aliyekiunganisha. Kwanza akawa mkali. Kijana mpole anaanza kugombana na msimamizi kwa sababu ya koleo. Wakacheka. Baadaye akaletewa maji akayamwaga, akasema yananuka. Baadaye akakaa chini akainama anahangaika na mguu, mwenzake akamuuliza unafanya nini, akajibu nafunga kamba za kiatu. Alikuwa amevaa buti za mpira. Hazina kamba. Yule mwenzake akadhani ni utani akaondoka, na hapo ndipo dakika zilipopotea, maana dakika chache mbele kijana yuko chini anatetemeka mwili mzima kama wa degedege.

Mmeona? Ngozi yake ilikuwa imelowa. Dalili haikuwa kwenye ngozi, dalili ilikuwa kwenye kamba za kiatu.

Kwa hiyo nawaomba mjifunze ngazi mbili. Ngazi ya chini ni kuchoshwa na joto: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli inakaza hasa ya miguu na tumbo, jasho jingi, moyo unakwenda mbio, mwili umelegea, ila ukimuuliza jina lake anakujibu, siku ya leo anaijua, ananung'unika kama binadamu wa kawaida. Ngazi ya juu ni pale akili inapoyumba. Anaongea pumba, anakuwa mkali bila sababu, anapepesuka kama mlevi, hakumbuki yuko wapi, anaweweseka, anaanguka degedege, anazimia. Joto la ndani ya mwili hapo kwa kawaida limevuka digrii 40, wakati mwili wa kawaida uko kwenye 37. Lakini usianze kutafuta thamometa. Ile ya kwapani kwa mtu anayetoka jasho au aliyemwagiwa maji inakupa namba ya uongo, utasoma 38 ukatulia na ndani anaungua. Mtu alikuwa kwenye joto, akili imeyumba: huyo ni kiharusi cha joto mpaka hospitali waseme vinginevyo.

Najua kuna atakayesema "lakini muuguzi, hiyo si inaweza kuwa malaria imepanda kichwani?" Inaweza. Inaweza pia kuwa sukari imeshuka, au kiharusi chenyewe kile cha ubongo. Ndiyo maana anakwenda hospitali. Ila ubishi huo ufanyike huku mnammwagia maji. Msisimame kwenye jua mkipiga kura za ugonjwa.

Sasa kwa nini dawa za homa hazifanyi kazi hapa? Hili naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ndipo makosa mengi yanapozaliwa, ya hospitali na ya mitishamba, nyumba zote mbili.

Ukiwa na homa, ubongo wenyewe ndio umeamua kupandisha joto, kwa makusudi, upambane na vijidudu. Ndiyo maana mwenye homa anasikia baridi anaomba blanketi. Panadol inakwenda kuuambia ubongo "shusha". Kwenye kiharusi cha joto ubongo haukuomba kitu, joto limeingia kwa nguvu. Chukueni mfano wa pasi: homa ni mtu kazungusha kitufe cha pasi kupeleka juu, ukikirudisha inapoa. Kiharusi cha joto ni pasi iliyosahauliwa juu ya makaa. Zungusha kitufe mpaka kesho.

Kwa hiyo panadol haishushi, na ini ambalo tayari linaungua unaliongezea kazi. Aspirini mbaya zaidi, maana mtu huyu damu yake inaweza kuharibika katika kuganda, akaanza kuvuja ndani, nawe umempa kitu cha kuifanya isigande. Na hapa watu wa mitishamba msicheke, kwa sababu aspirini asili yake ni mitishamba. Mwaka 1763 kasisi mmoja wa Uingereza, Edward Stone, aliandika jinsi gome la mti wa willow linavyotuliza homa, na mwaka 1897 wakemia wa kampuni ya dawa ya Bayer kule Ujerumani wakatengeneza aspirini yenyewe. Gome lilikuwa na kazi, tena kazi kubwa. Lakini ni kazi ya homa. Vivyo hivyo mwarobaini na majani yote mnayochemsha kwa ajili ya homa, hata kama yanafanya kazi kwenye homa, hapa mlango sio huo. Na kile cha kumfunika mgonjwa blanketi ajifukize mvuke wa majani, jamani. Jamani! Mtu kazidiwa na joto unamtia kwenye mvuke?

Ndani ya mwili kinachotokea ni hiki. Damu inakimbilia kwenye ngozi kwenda kutoa joto, tumbo na utumbo vinabaki na damu kidogo, ukuta wa utumbo unalegea na sumu za bakteria zinavuja kuingia kwenye damu. Misuli inavunjika, mabaki yake yanakwenda kuziba figo, ndiyo maana mkojo unakuwa wa kahawia iliyokolea. Ini linaumia, na kuumia kwake kunaweza kuonekana siku ya pili au ya tatu wakati mgonjwa anacheka na kula. Na kinachoamua ni nini? Ni dakika. Ni muda mwili uliokaa juu ya lile joto. Wataalamu wanataka joto lishuke ndani ya nusu saa ya kwanza. Nusu saa! Nusu saa kuchuma majani, kuosha, kuchemsha, kupoza, kuchuja, imeshaisha na hata hujapata kikombe.

Basi tufanye nini? Maji. Maji nje ya mwili.

Mtoe juani. Mvue nguo, usione aibu, viatu, soksi, mkanda, kofia. Mmwagie maji mwili mzima, mengi, tena na tena, huku mtu mwingine anapepea kwa chochote, kanga, boksi, feni. Kama kuna pipa, beseni kubwa, bwawa dogo, muingizeni humo mpaka shingoni na mtu mmoja kazi yake iwe kichwa tu, kukishika kisizame. Kama kuna barafu itieni kwenye hayo maji. Kama barafu ni kidogo na hakuna pipa, ifungeni kwenye kitambaa muiweke shingoni, makwapani na kwenye kinena, ila msiache kummwagia maji, barafu ya makwapani peke yake ni polepole mno. Wakati huo huo mmoja wenu anapiga simu kutafuta gari. Na utaratibu ni huu: poza kwanza, safirisha baadaye. Gari likifika na mgonjwa bado anaongea pumba, endeleeni kupoza, na ndani ya gari endeleeni, madirisha wazi, nguo zilizolowa zikibadilishwa. Mkimuona amerudi akilini na ameanza kutetemeka kwa baridi, hapo mnaweza kupunguza.

"Lakini maji ya baridi kwa mtu wa moto si atapata mshtuko?" Nimelisikia hili tangu nikiwa mdogo. Sasa niwape hadithi ya kulijibu. Huko Marekani, jimbo la Massachusetts, kuna mbio za barabarani za Falmouth, zinakimbiwa mwezi wa Agosti kwenye joto na unyevunyevu, na kila mwaka kuna wakimbiaji wanaoanguka mwishoni. Pale mwisho wa mbio hema la huduma lina mabeseni makubwa yamejaa maji ya barafu. Mkimbiaji akiletwa anaweweseka, anaingizwa kwenye barafu pale pale, sio baada ya kufika hospitali. Madaktari walikusanya kumbukumbu za miaka 18, wakahesabu wagonjwa 274 wa kiharusi cha joto. Waliokufa? Hakuna. Hata mmoja. Watu 274 wenye ugonjwa unaoua, wamezamishwa kwenye maji ya barafu, wote wakaenda nyumbani.

Mnataka dawa ya asili? Hiyo hapo. Hakuna kitu cha asili kuliko maji.

Na kama barafu hakuna, Makka wametufundisha njia nyingine. Joto la hija linajulikana, mwaka 2024 mwezi wa sita walikufa mahujaji zaidi ya 1,300 kwenye joto lililovuka digrii 50, wengi wao walikuwa hawana kibali hivyo hawakuwa na mahema ya kupumzikia, Mungu awarehemu. Tangu miaka ya 1980 huko wana vitanda maalumu vya kupozea: mgonjwa analazwa kwenye wavu, anapulizwa maji ya rasharasha na hewa ya uvuguvugu inapita juu yake. Kinachopoza ni yale maji yanapokauka. Lita moja ya maji ikikauka kwenye ngozi inaondoka na kalori kama 580 za joto, zile kalori mnazosoma kwenye pakiti za vyakula. Kwa hiyo jasho linalodondoka chini halijakusaidia kitu, lililokaukia mwilini ndilo limefanya kazi. Ndiyo maana hewa ikiwa nzito yenye unyevunyevu watu wanaanguka hata kwenye joto ambalo mnaliona la kawaida. Na ndiyo maana feni peke yake, hewa ikishavuka digrii 40, haikupozi, inakupuliza moto. Lowesha mwili kwanza.

Haya, sasa tuje kwenye mitishamba yenyewe, najua ndicho kilichowaleta wengi hapa.

Nianze na nanaa maana ndiyo malkia. Ukinywa nanaa au ukijipaka unasikia baridi, kweli si kweli? Baridi hiyo imetoka wapi? Nanaa ina mentholi, na mentholi inakwenda kubonyeza kwenye mishipa ya fahamu kile kile kipokezi kinachoamshwa na baridi ya kweli. David Julius na Ardem Patapoutian, wale waliopata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2021, kila mmoja kwa njia yake alikionyesha hicho kipokezi kwa kutumia mentholi. Yaani ubongo unaambiwa "kuna baridi" na baridi haipo. Joto la mwili halijashuka hata nukta. Kwa mtu aliyechoka tu hilo ni raha, nanaa inatuliza kichefuchefu, inamfanya anywe maji mengi zaidi, safi kabisa, mpeni. Kwa mtu anayeendelea kufanya kazi juani ni hatari ya kimya kimya, kwa sababu kengele inalia ndani na wewe umeifunga mdomo. Anajisikia yuko sawa, anaongeza mzigo.

Rosela, ukwaju, maembe mabichi yaliyochemshwa, choroko za kuchemsha, mbegu za mrehani zilizolowekwa, ndimu. Dunia nzima yenye joto ina kinywaji chake cha namna hii na mimi nasema mababu hawakuwa wajinga, maana humo ndani kuna maji, kuna uchachu unaokufanya utake kunywa tena, kuna madini kama potasiamu, na watu wengi wanatia chumvi kidogo na sukari. Mkiangalia vizuri kinachofanya kazi kubwa ni yale maji, chumvi na sukari, jani ni la kushawishi ulimi. Sioni ubaya wowote hapo, kushawishi ulimi ni kazi. Ila ukwaju mwingi unalegeza tumbo, na mtu aliyeishiwa maji ukimharisha umemmalizia. Rosela inashusha presha kidogo na inakojoza, mwenye dawa za presha asiigeuze maji ya kunywa ya siku nzima.

Kama unataka kitu kinachojulikana kipimo chake: lita moja ya maji safi, sukari vijiko vidogo sita vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko kidogo. Ukikamulia ndimu sawa. Kunywa kidogo kidogo. Sio kubugia malita ya maji matupu kwa mkupuo, maana chumvi ya damu inashuka na hiyo nayo inaleta kuchanganyikiwa na degedege, tukaanza upya kubahatisha.

Mshubiri je? Ngozi iliyoungua na jua, ute wake pakeni, unatuliza. Ila ile maji ya njano chungu chini ya ganda ni dawa ya kuharisha, msimnyweshe mtu wa joto. Na kumpaka mgonjwa mwili mzima tope la majani au mafuta mazito sikubaliani nako, unaziba pale ambapo maji yanatakiwa yakauke.

Sasa mitishamba mibaya kwenye joto, na hapa ndipo nasema lile neno "ni ya asili, haina madhara" liache kutumika jamani. Kuna mmea unaitwa efedra, Wachina wameutumia kwa karne nyingi kwa pumu na mafua, baadaye ukaingizwa kwenye vidonge vya kupunguza unene. Februari 2003 mchezaji wa besiboli wa Baltimore Orioles, Steve Bechler, miaka 23, alikuwa kwenye mazoezi huko Florida anataka kupunguza mwili, ametumia vidonge vyenye efedra, hakula vizuri, akaanguka mazoezini kwa kiharusi cha joto. Alifikishwa hospitali, kesho yake akafariki. Mchunguzi wa maiti alisema efedra ilichangia. Mwaka uliofuata, 2004, serikali ya Marekani ikaipiga marufuku kwenye virutubisho. Efedra inachemsha mwili na inabana mishipa ya damu ya ngozi, joto linazalishwa na mlango wa kutokea umefungwa. Miraa nayo ina kitu cha ukoo huo huo, kwa hiyo vijana mnaotafuna halafu mnabeba mizigo saa saba mchana, mmesikia.

Na mnanaha, ule mmea unaoitwa pia datura, sio nanaa. Nasema taratibu ili wote mpate: m-na-na-ha. Unakausha jasho. Unapandisha joto. Unamfanya mtu aone vitu visivyokuwepo. Yaani unatengeneza kiharusi cha joto kwenye kivuli. Kuna watu wanauvuta kwa pumu, kuna wanaouchanganya kwenye dawa za maumivu. Siku ya joto kali ni sumu juu ya sumu. Baadhi ya dawa za hospitali nazo zina tabia hiyo hiyo ya kukausha jasho, zile za mafua na mzio zinazoleta usingizi, baadhi za magonjwa ya akili, na zile za kukojoza kwa wenye presha zinapunguza maji mwilini. Msiziache wenyewe! Ila muulizeni anayewapa, wakati wa joto nifanyeje.

Naona mzee wangu pale anatabasamu, anasema moyoni "hata Wazungu walikuwa na mitishamba yao". Kweli walikuwa nayo. Mwaka 25 kabla ya Kristo mtawala wa Roma, Augustus, alimtuma Aelius Gallus, gavana wa Misri, aende kuiteka Arabia. Jeshi likaingia jangwani. Mwanahistoria Cassius Dio anaandika kwamba ugonjwa usiofanana na yale yanayojulikana ukawapiga, unashika kichwa, unakikausha, wengi wanakufa papo hapo. Dawa iliyosemekana kuwasaidia ilikuwa mafuta ya zeituni yaliyochanganywa na divai, unakunywa na unajipaka, ila waliokuwa nayo ya kutosha walikuwa wachache. Wasomi bado wanabishana ulikuwa ugonjwa gani, wapo wanaoamini ni joto. Kama ni joto, basi zile divai na mafuta ningezimwaga mchangani: pombe inakukojoza na kuvuruga akili, mafuta yanaganda kwenye ngozi. Walichokikosa ni maji, kwa kumbukumbu zao wenyewe maji yalikuwa ya shida.

Niwarudishe kwa yule kijana wa buti, sikumaliza habari zake. Alipoanguka, mama mmoja mwenye roho nzuri sana alikuja mbio na kikombe cha tangawizi na nanaa. Wakamwinua, wakamfumbua meno, wakamimina. Mtu asiye na akili yake hamezi, kinywaji kinakwenda kwenye mapafu. Nilipompokea alikuwa na matatizo mawili, joto na mapafu yaliyojaa tangawizi. Alipona, lakini mapafu yalimlaza muda mrefu kuliko joto. Yule mama hakuwa mbaya. Kikombe hakikuwa kibaya. Saa ndiyo iliyokuwa imepita. Akili ikiyumba, kikombe kaa mbali, hakuna maji, hakuna uji, hakuna jani, hakuna kidonge. Mlaze kwa ubavu, mmwagie maji.

Kabla ya maswali, kuna watu hawapo kwenye mkutano huu na wao ndio wanaokufa wengi. Agosti 2003 joto liliipiga Ulaya, Ufaransa peke yake walikufa watu kama 15,000. Walikuwa nani? Wengi wazee, ndani ya nyumba zao, peke yao, majirani wamekwenda likizo. Hawakubeba simenti. Mzee hasikii kiu vizuri, jasho lake ni kidogo, moyo umechoka, na ana dawa za presha. Joto la usiku lisiposhuka mwili wake haupumziki. Kwa hiyo siku za joto kali mpigie simu mzee wako, asubuhi na jioni, umsikilize anavyoongea. Anarudia maneno? Anakuita jina la mtu mwingine wakati sio kawaida yake? Nenda. Na mtoto mdogo usimwache kwenye gari, hata kioo kikiwa wazi kidogo, hata "nachukua mkate tu". Gari lililofungwa linaweza kupanda digrii kama 10 ndani ya dakika kumi, na mwili wa mtoto unapanda haraka kuliko wako mara tatu mpaka tano.

Na wenye kazi za nje, mnaoajiri watu: vifo vingi vya joto kazini ni vya siku za mwanzo. Mwili unahitaji wiki moja mpaka mbili kuzoea. Mfanyakazi mpya siku ya kwanza mpe asilimia 20 tu ya kazi ya juani, kesho ongeza 20 nyingine, hivyo hivyo. Eti "kijana mgeni tumpime nguvu siku ya kwanza". Unampima au unamzika?

Haya, maswali.

Baba mmoja aliuliza kuhusu kitunguu, kwamba kuna nchi watu wanabeba kitunguu mfukoni wakati wa joto, na wengine wanasugua maji yake miguuni. Nilimwambia cha mfukoni hakina shida, kitoeni tu kabla ya kufua. Cha miguuni kina maji kidogo, tumieni ndoo.

Dada mmoja akauliza, maji ya bomba ya kawaida, sio ya baridi, yanafaa? Yanafaa sana. Maji uliyo nayo sasa hivi ni bora kuliko barafu ya nusu saa ijayo. Hata ya kisima, hata ya mtaro kama hakuna mengine, usimtie mdomoni tu.

Wa mwisho alikuwa kijana wa timu ya mpira, akauliza mtu akishapona anaweza kurudi lini mazoezini na anywe mitishamba gani ya kumrudishia nguvu. Angalau wiki nzima bila mazoezi yoyote, arudi hospitali wapime ini na figo, na majibu yakiwa mazuri ndio aanze, asubuhi na mapema, dakika chache, akiongeza siku hadi siku na mtu wa kumwangalia. Mitishamba ya nguvu aiache mpaka vipimo virudi, maana kila unachochemsha na kunywa kinapita kwenye ini na figo zile zile. Rosela nyepesi au nanaa kwenye maji sawa. Vile vya chupa visivyo na lebo, vya "kusafisha damu", hapana, na kocha akilazimisha arudi Jumamosi kwa sababu kuna mechi, mleteni huyo kocha kwangu.